Magitaa Mpakani: Mbugangari na Enzi za Bendi za Jukwaani

Mbugangari ni mtaa wa mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, magharibi mwa Rwanda, uliobanana na mpaka wa Kongo. Ng'ambo yake ni Birere, mtaa wa Goma, na kati ya mitaa hiyo miwili kipo kituo cha mpaka cha Petite Barrière, ambacho kabla ya mwaka 2020 kilikuwa kikipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao wanawake wachuuzi waliobeba nyanya, maziwa na unga. Njia hiyo hiyo imepitisha magitaa, spika, kanda za muziki na, zaidi ya yote, mashabiki. Historia ya watu wa Mbugangari kuiona bendi waipendayo ikipiga mbele ya macho yao haiandikiki kwa kufuata upande mmoja wa mpaka, kwa sababu wapenzi wa muziki wenyewe hawakuufuata upande mmoja.

Roki kwa jina lake haikupata wafuasi wengi kando ya Ziwa Kivu. Nafasi ambayo The Beatles na The Rolling Stones waliishika kwa vijana wa Ulaya ilishikwa huku na orkesta: kundi la watu wanane hadi kumi na watano, magitaa ya umeme matatu au manne, dramu, tumba, waimbaji wawili watatu wa kupokezana, na jina ambalo shabiki alilitaja kwa fahari kama anavyoitaja timu yake ya mpira. Gitaa la solo liliongoza, mi-solo ikalijibu, rizimu ikashikilia mwendo, na besi ikavibeba vyote kutoka chini. Wimbo ulianza taratibu, mashairi yakaimbwa, kisha waimbaji wakawaachia wapiga magitaa sebene, yaani ile sehemu ya kucheza ambayo wengi walikuwa wameingojea tangu mwanzo.

Tofauti kati ya santuri na jukwaa ilikuwa hapo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, na msikilizaji alilazimika kuigeuza santuri wakati miguu imeshapata moto. Jukwaani hakukuwa na upande wa pili. Sebene iliendelea kwa kadiri wachezaji walivyotaka, na mpiga solo mzuri aliwasoma watu waliokuwa mbele yake, akarudia mahali walipopapenda, akapandisha, akashusha, akapandisha tena. Mtu aliyekuwa na santuri zote za bendi nyumbani kwake bado alilipa kiingilio, na hakuona kuwa amelipa mara mbili kwa kitu kimoja.

Gitaa la umeme linataka umeme, na Gisenyi ilibahatika mapema. Mwaka 1957 kituo cha kuzalisha umeme kwa maji ya mto Sebeya kilianza kazi. Mwaka huohuo kampuni ya Bralirwa iliundwa, na kiwanda chake cha bia cha Gisenyi kikaanza kutoa Primus mwaka 1959. Kuanzia mwaka 1963 kiwanda hicho kilipata pia gesi ya methani iliyovutwa kutoka kina cha ziwa, hapo Rubona. Mambo haya yanaweza kuonekana yako mbali na muziki, lakini kila dansi la mjini lilisimama juu yake: baa iliyokuwa na taa na mahali pa kuchomeka ampi, bia iliyotoka karibu, na mshahara wa kiwandani uliotafuta pa kutumika mwisho wa wiki. Gisenyi ilikuwa pia mji wa mapumziko, wenye ufuo wa mchanga na hoteli zilizotaka burudani kwa ajili ya wageni wao. Mbugangari, mtaa wa wafanyakazi, wachuuzi na wapangaji, ulikuwa karibu na yote hayo kwa mwendo wa miguu.

Kulikuwa na jambo jingine lililowapa watu wa mtaa huo masikio mapana. Kiswahili kilikuwapo Gisenyi tangu enzi za Wajerumani, kupitia askari, wafanyabiashara na Waislamu wa mjini, na ujirani wa Goma ukakidumisha, miaka mingi kabla ya Bunge la Rwanda kukipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Kijana wa Mbugangari aliimba kwa Kinyarwanda, akaelewa wimbo wa Kiswahili kutoka Nairobi bila mkalimani, na akaokota Kilingala cha kutosha kuitikia kiitikio kilichotoka Kinshasa. Hakuwa na sababu ya kuchagua.

Muziki wa gitaa ulitoka magharibi kwanza. Mjini Léopoldville, ambako ndiko Kinshasa ya leo, African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956 na kujengewa jina na Franco Luambo, ndizo zilizoweka msingi wa rumba ya Kongo. Hatua iliyoikaribia roki zaidi ilikuja tarehe 24 Desemba 1969, ilipozaliwa Zaïko Langa Langa. Vijana hao waliziacha tarumbeta na saksafoni za wakubwa wao, wakasogeza dramu na magitaa mbele, na wakaifanya sebene kuwa moyo wa wimbo. Mavazi yao, mitindo yao ya kucheza na ari ya wafuasi wao viliwatia wazazi wasiwasi, na viliwavuta vijana kwa nguvu ileile. Miaka mitano baadaye, Septemba 1974, Kinshasa ilipokea tamasha la siku 3 lililowaleta James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba, wiki chache kabla ya Muhammad Ali kupigana na George Foreman tarehe 30 Oktoba. Bendi nyingi za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, zilijifunza hapo namna mwimbaji mmoja anavyoweza kuushika uwanja mzima kwa mwili na jasho lake.

Goma, hata hivyo, iko takriban kilomita 1,500 kutoka Kinshasa kwa mstari ulionyooka, na hakuna barabara ya kutegemewa kati ya miji hiyo miwili. Bendi kubwa za mji mkuu zilifika mashariki kwa ndege au hazikufika kabisa. Upungufu huo ulizaa kitu chema: miji ya Kivu ililazimika kuwa na wapigaji wake yenyewe, waliojifunza vibao vya Kinshasa kwa kusikiliza redio, wakavipiga kwa namna yao, kisha wakatunga vyao. Mpenzi wa dansi wa Gisenyi alipovuka kwenda Goma, mara nyingi aliwafuata hao, watu ambao siku ya pili yake angeweza kukutana nao sokoni.

Kuvuka kwenyewe kulirahisishwa na siasa. Tarehe 20 Septemba 1976 Burundi, Rwanda na Zaire zilitia saini mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Mkataba ulitiwa saini Gisenyi, na makao makuu yakawekwa hapo hapo. Wananchi wa nchi hizo tatu walipata hati ya kusafiria ya jumuiya badala ya kuhangaikia pasipoti. Kwa mtu wa Mbugangari maana yake ilikuwa wazi: Goma ilikuwa mahali pa kwenda kucheza na kurudi.

Rwanda nayo ilikuwa inapata bendi zake. Baada ya mapinduzi ya tarehe 5 Julai 1973, Rais Juvénal Habyarimana, mzaliwa wa mkoa wa Gisenyi, aliunda chama kimoja cha MRND mwaka 1975, na kazini na shuleni watu wakapangwa katika vikundi vya kuimba na kucheza kukisifu. Muziki huo uliagizwa kutoka juu, na kuucheza ulikuwa wajibu. Orkesta za dansi zilishika upande ule mwingine wa maisha, ambao hakuna aliyeuamuru: mapenzi, wivu, deni, ulevi, rafiki asiyeaminika, mke anayemngoja mume asiyerudi. Watu walizilipia kwa hiari yao, na hapo ndipo mapenzi ya kweli kwa bendi yalipoota.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Orchestre Impala. Iliundwa katikati ya miaka ya 1970 na kufikia kilele chake katika miaka ya 1980. Ndani yake walipita wanamuziki ambao majina yao ya jukwaani bado yanatajwa Rwanda nzima: Soso Mado, Tubi Lando, Maître Rubangi, Mimi La Rose na, juu ya wote kwa umaarufu wa sauti, André Sebanani. Impala walichukua rumba ya Kongo, wakaikaza mwendo, wakaiwekea gitaa jembamba lenye furaha, na wakaimba kwa Kinyarwanda cha kila siku, cha mtu anayezungumza na jirani yake. Wimbo wao ulikuwa na kisa, na kisa kilikuwa na mtu ndani yake ambaye kila msikilizaji alidhani anamfahamu.

Redio iliwafikisha kila mahali. Kwa miaka mingi Radio Rwanda ndiyo iliyokuwa redio pekee ya nchi, na wimbo uliopigwa humo Jumapili ulikuwa midomoni mwa watu Jumatatu. Sebanani alikuwa na bahati ya kusikika mara mbili, kwa kuwa mbali na kuimba alikuwa mwigizaji wa Indamutsa, kikundi cha michezo ya kuigiza ya redio hiyo. Watu walimcheka akiigiza, wakalia naye akiimba. Alipopanda jukwaani hakuwa mgeni kwa mtu yeyote. Sauti ilikuwa imetangulia kwa miaka, na kilichobaki ilikuwa sura yake. Furaha ya kuifananisha sauti na mtu, kuona kwamba ni huyu, amesimama hapa, na anaimba hivi hivi, ni sehemu ya mapenzi ya jukwaa ambayo siku hizi, picha zikiwa kila mahali, ni vigumu kuieleza.

Onyesho la bendi enzi hizo lilianza kabla ya giza. Gari la vyombo lilipofika, watoto walilizunguka, na kijana aliyekubaliwa kubeba kasha la spika alikuwa ameshajipatia njia ya kuingia bila kulipa. Kisha kulikuwa na kujaribu vyombo: mlio mmoja wa besi, dramu mara mbili, mtu akihesabu kwenye kipaza sauti. Kwa wasio na pesa ya kiingilio, hiyo ilikuwa sehemu yao ya dansi, na waliisikiliza kwa makini wakiwa nje ya ukuta. Usiku ulianza na nyimbo za taratibu, watu wakiwa bado wamekaa mezani. Rumba za kucheza wawili wawili zilifuata. Vibao vikubwa viliwekwa akiba hadi usiku wa manane, kwa sababu bendi ilijua kwamba mtu aliyesikia wimbo aliokuja kuusikia anaweza kwenda kulala. Mwimbaji aliyegusa moyo wa mtu alitunzwa papo hapo, noti ikabandikwa kwenye paji la uso lililolowa jasho, na mara nyingine aliyetunza aliondoka na malipo yake: jina lake likatajwa katikati ya wimbo, mbele ya watu wote wa mtaa.

Hayo ndiyo yanayokumbukwa. Anayesimulia dansi la mwaka 1984 mara chache huitaja orodha ya nyimbo. Hutaja shati alilovaa, mtu aliyecheza naye, umeme uliokatika na watu wakaendelea kuimba gizani bila vyombo, na safari ya kurudi nyumbani alfajiri wakati vilele vya Virunga vinaanza kuonekana. Mwanahistoria anayetaka tarehe na idadi ya tikiti atapata kidogo. Anayetaka kujua bendi ilikuwa na maana gani kwa mtaa atapata kingi, na hicho ndicho kinachostahili kuhifadhiwa kwanza.

Jina la milima hiyo lilisafiri mbali kwa njia ya muziki. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, aliondoka Kinshasa katikati ya miaka ya 1970, akaelekea mashariki, akapiga Kampala na kundi la Les Kinois, na kufika Nairobi mwaka 1977. Mwaka 1981 aliunda bendi mpya na kuiita Virunga. Albamu yake ya mwanzo ya miaka ya 1980, yenye wimbo Malako, ilivuma Afrika Mashariki yote, naye akaendelea kuimba kwa Kilingala na Kiswahili. Wengine walikuwa wamepita njia zinazofanana na hiyo. Baba Gaston alitoka Lubumbashi, akapitia Dar es Salaam na kukaa Nairobi, na baadhi ya wanamuziki wake wakajitenga mwaka 1976 kuunda Les Mangelepa. Super Mazembe, nao kutoka Zaire, walihamia Nairobi mwaka 1974. Ndugu Kinyonga kutoka Tanga waliijenga Simba Wanyika nchini Kenya, na mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao wakaondoka kuunda Les Wanyika. Kazi za bendi hizi zilirudi Kivu kwa kaseti na mawimbi ya redio, na Gisenyi ikasikia muziki wa asili ya Kongo ukiimbwa kwa Kiswahili cha pwani: ulitoka jirani, ukazunguka Nairobi, ukarudi jirani.

Kaseti ndiyo iliyoifanya kumbukumbu idumu. Santuri ilikuwa ghali na ilihitaji mashine. Kaseti iliweza kunakiliwa usiku mmoja na kuvushwa mpakani mfukoni. Wapo waliopeleka kinasa sauti ukumbini wakarekodi dansi zima. Kwenye kanda hizo gitaa lilikwaruza, na chupa na vicheko vilisikika kuliko besi, lakini zilikuwa na kitu ambacho studio haikuwa nacho: urefu kamili wa sebene na sauti za watu wa mahali hapo.

Tarehe 1 Oktoba 1990 vita vilianza nchini Rwanda. Amri za kutotembea usiku ziliua dansi kwanza, kwa sababu bendi bila usiku haina kazi. Kilichofuata kilikuwa kibaya kupita kiasi. Kuanzia Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalichukua pia watu waliobeba muziki wa nchi. Cyprien Rugamba, mshairi na mwanzilishi wa kundi la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa tarehe 7 Aprili pamoja na mkewe Daphrose na baadhi ya watoto wao. Mwimbaji Rodrigue Karemera aliuawa. André Sebanani aliuawa. Sauti ambayo Mbugangari iliifahamu kwa wimbo na kwa mchezo wa redio ilinyamazishwa, na mashabiki wake wengi waliuawa vilevile. Gisenyi yenyewe ilikuwa na mahali pa kuchinjia watu karibu na makaburi, palipojulikana kama Commune Rouge, ambapo leo ni eneo la kumbukumbu.

Historia ya muziki wa mkoa huo inalazimika pia kusema kwamba kipaza sauti kilitumika kuua. Simon Bikindi, mwanamuziki maarufu mzaliwa wa Rwerere katika mkoa wa Gisenyi na kiongozi wa kundi la Irindiro, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mjini Arusha tarehe 2 Desemba 2008, kifungo cha miaka 15. Alipatikana na hatia ya kuchochea mauaji ya kimbari moja kwa moja na hadharani, kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti cha gari barabarani kati ya Kivumu na Kayove mwishoni mwa Juni 1994. Watu wa eneo hilo walikuwa wamezoea gari lenye spika kama tangazo la dansi.

Julai 1994, Kigali ilipokwisha kuanguka, redio ya chuki ya RTLM ilitangazia kutoka Gisenyi kwa siku zake za mwisho. Katikati ya mwezi huo mamia ya maelfu ya watu walivuka kwenda Goma ndani ya siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu miongoni mwao kwenye ardhi ya mawe ya volkano. Mitaa ya mpakani, Mbugangari ukiwa mmojawapo, ilikuwa kwenye njia hiyo. Vita vya Kongo vikafuata kuanzia 1996, na tarehe 17 Januari 2002 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka, lava ikapita katikati ya Goma, na safari hii wakimbizi wakaja upande wa Gisenyi. Kwa karibu miaka 10 mpaka ulijulikana kwa misafara ya namna hiyo kuliko kwa dansi.

Muziki ulirudi polepole, na uliporudi ulikuwa umebadilika umbo. Studio za kompyuta ziliwawezesha vijana kurekodi bila mpiga gitaa hata mmoja, na nyota akawa mtu mmoja mwenye kipaza sauti na muziki uliokwisha kurekodiwa. Kiwanda cha bia kilekile cha Gisenyi kilikuwa sehemu ya mabadiliko hayo. Kuanzia 2011 hadi 2018 Bralirwa, kwa jina la bia yake, ilidhamini shindano la Primus Guma Guma Super Star, lililozunguka miji ya mikoani, Rubavu ukiwemo. Tom Close alishinda mwaka wa kwanza, King James akafuata, kisha Riderman, Jay Polly, Knowless, Urban Boyz, Dream Boyz na Bruce Melodie. Shindano hilo liliwaletea watu wa mikoani wasanii waliokuwa wakiwasikia redioni tu, bila wao kusafiri hadi Kigali, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Katika baadhi ya maonyesho wasanii waliimba juu ya muziki wa mashine, na katika mengine walitakiwa kuimba na bendi. Waliokulia kwenye sebene walizisikia tofauti mara moja.

Upande wa Goma kizazi kipya kilikuwa kimeinuka pia. Innocent Balume, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1997 na kuanza kuimba na kaka zake katika kundi la Maisha Soul, alishinda shindano la Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa bado mtoto. Kwa jina la Innoss'B alikuja kujulikana Afrika nzima kwa wimbo Yope, aliourudia pamoja na Diamond Platnumz mwaka 2019. Mafanikio yake yaliipa Kivu fahari yake yenyewe: mtu wa hapa, anayechanganya Kiswahili na lugha nyingine kama wanavyofanya watu wa hapa, alikuwa anasikika Kinshasa na Dar es Salaam bila kuiga lafudhi ya mtu.

Tukio lililorudisha desturi ya kuvuka kwa ajili ya muziki lilikuwa Tamasha la Amani. Lilipangwa kufanyika mwishoni mwa Agosti 2013, lakini mapigano kati ya jeshi la Kongo na waasi wa M23 yalisogea hadi makombora yakaanguka Goma na hata upande wa Rwanda, na tamasha likaahirishwa. Lilifanyika Februari 2014, kwenye uwanja wa Collège Mwanga, kwa siku 3, kiingilio kikiwa dola moja. Waliofika walikadiriwa kuwa 25,000. Katika miaka iliyofuata walipanda jukwaa hilo watu wa kiwango cha Tiken Jah Fakoly wa Ivory Coast na Werrason wa Kinshasa, na vikundi vya Rwanda, Burundi na Kongo vikapewa nafasi ya kusikilizana. Kwa mtu wa Mbugangari safari ilikuwa ya miguu au ya pikipiki, na jambo la kufikiria lilikuwa saa. Mpaka mdogo ulifungwa jioni, kwa hiyo aliyetaka kuona msanii wa mwisho alipaswa kujua atazungukia mpaka mkubwa wa kando ya ziwa, au atalala kwa nani Goma. Mashabiki walipanga jioni yao kwa kuhesabu nyuma kutoka saa ya kufunga lango, na wengi waliona inafaa.

Mwaka huohuo, tarehe 21 Septemba 2014, siku ya kimataifa ya amani, Akon alipiga mjini Goma kwa mwaliko wa shirika la Peace One Day, kwenye uwanja wa ndege. Picha yake akiwa ndani ya mpira mkubwa wa plastiki unaoonyesha ndani, akiviringika juu ya mikono ya umati, ilizunguka dunia, na wengi walioitazama kutoka mbali waliijadili kwa namna zao. Waliokuwa chini ya mpira ule wana habari nyingine: walimgusa mtu waliyekuwa wakimsikia redioni, katika mji ambao miaka miwili kabla yake, Novemba 2012, ulikuwa umetekwa kwa vita.

Kilichokosekana bado kilikuwa wapigaji. Bendi haiundwi kwa nyota tu; inataka mtu wa besi, mtu wa dramu, mtu wa kinanda, na watu hao walikuwa wamepungua mno tangu 1994. Jibu lilitoka Nyundo, kilomita chache kutoka Gisenyi, palipokuwa na shule ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1952. Mwaka 2014 idara ya muziki ilifunguliwa huko, chini ya uongozi wa Jacques Murigande, anayejulikana zaidi kama Mighty Popo. Wanafunzi walifundishwa kusoma nota, kupiga ala zaidi ya moja na, la muhimu kuliko yote, kupiga pamoja. Igor Mabano alitoka katika wanafunzi wa mwanzo. Ariel Wayz alipitia hapo na kuimba katika Symphony Band, iliyoundwa na wahitimu. Kundi jingine la wahitimu lilijiita Sebeya Band, kwa jina la mto uleule ambao maji yake yaliyawashia mwanga madansi ya kwanza ya Gisenyi. Baadaye shule ya muziki ilihamishiwa Muhanga, na Rubavu ikapoteza fahari iliyokuwa jirani. Wahitimu wake, hata hivyo, ndio wanaosimama leo nyuma ya waimbaji wengi wakubwa wa Rwanda, na tangu walipoingia kazini hadhira za nchi hiyo zimeanza tena kudai muziki wa ala zinazopigwa pale pale.

Impala nao walirudi. Katika muongo wa 2010 bendi ilifufuliwa, Mimi La Rose akiwa kiungo kati ya jukwaa la zamani na wapigaji vijana. Haikuwa Impala ileile, na hakuna aliyedai hivyo, kwa maana wengi wa sauti zile walikuwa wamekwisha kufariki. Ilitosha kwamba vibao vilipigwa kwa magitaa na watu waliowahi kuvicheza wakasimama tena. Muziki huo wa zamani, unaoitwa karahanyuze, hupigwa sasa na bendi ndogo katika baa na hoteli za Rwanda, na mwimbaji mkongwe Makanyaga Abdul ni miongoni mwa waliouendeleza miaka yote bila kukata.

Miaka ya karibuni imekuwa migumu kwa mpaka. Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka tena, na Gisenyi ikapokea maelfu ya majirani huku matetemeko yakipasua kuta za mji wenyewe. Juni 2022, uhusiano kati ya Rwanda na Kongo ulipoharibika, upande wa Goma uliamua lango lifungwe saa 9 alasiri, saa ambayo hakuna bendi iliyokwisha hata kupanga vyombo. Januari 2025 M23 waliiteka Goma, na makombora yakaanguka Gisenyi na kuua watu. Dansi la kuvuka mpaka, lililokuwa jambo la kawaida mwaka 1980, limekuwa jambo la kuulizia kwanza kama inawezekana.

Upande wa Rubavu muziki wa jukwaani unaendelea. Tamasha la MTN Iwacu Muzika, linalozunguka mikoani, limekuwa likifika wilayani humo, na wasanii wake hupiga na bendi kamili. Dansi la kukesha, lakini, halina tena nafasi. Tangu tarehe 1 Septemba 2023 serikali ya Rwanda imeagiza baa, kumbi na huduma nyingine zisizo za lazima zifunge saa 7 usiku, na saa 8 usiku kwa Ijumaa na Jumamosi. Bendi inayotaka kupiga saa zote za zamani inapaswa kuanza mapema, na vibao vilivyokuwa vikiwekwa akiba hadi usiku wa manane sasa huingia mapema zaidi.